Shajara ya Mgebuka: Probox ya kilomita 312,000 inayotengenezewa uani, Katubuka

Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ya cc 1,497, giaboksi otomatiki. Nimelinunua kwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, kwa shilingi milioni 6.8. Harufu ya dagaa imezama mpaka kwenye sponji za viti, ndipo watoto wakaliita Mgebuka, jina la samaki wa ziwani. Jirani anasema dagaa na mgebuka ni vitu viwili, lakini jina limeshashika.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Likumbuke hilo ukifika Julai.

Vifaa: jeki ya chupa, stendi mbili za kuchomelewa, seti ya soketi namba 8 hadi 24, koleo, multimita. Bei zao sizihesabu humu. Naandika kwa ajili ya mwenye Probox, Succeed au IST ya 1.5 yenye injini hii hii.

1 Juni 2024, km 312,418. Huduma ya kwanza

Oili, filta ya oili na eya klina: 89,000. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tii lakini haikuwa na rangi ya maziwa, na mfuniko wa kujazia haukuwa na ute mweupe. Maji na oili havijakutana, alhamdulillahi. Eya klina ilijaa vumbi jekundu na mbawa za kumbikumbi.

Kwenye rejeta nikakuta maji ya rangi ya chai. Muuzaji nilipompigia akasema, "Mwalimu, maji ya bomba ndiyo tumetumia miaka yote, halijawahi kunisumbua." Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani, na maji ya Tanganyika ni ya alikali, pH yake inakaribia 9, na yana chumvichumvi nyingi. Angalia birika lolote la Kigoma lilivyoota magaga ndani. Bloku na hedi (mwili na kichwa cha injini) ya 1NZ vyote ni aluminiamu, na maji ya namna hiyo huila. Nikaandika "badili kulanti" (maji maalumu ya rejeta) kwenye orodha ya kazi, nikaipa nafasi ya sita. Nafasi ya kwanza niliipa redio.

Jambo jingine: Mgebuka hana mshale wa joto, ana taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ya bluu haikutaka kuzimika. Nilikwenda hadi Ujiji na kurudi ikiwaka na kuzima. Kwenye daftari nikaandika "sensa?", yaani labda kinachopima joto la maji ndicho kibovu. Ile alama ya kuuliza imekuja kunila hela.

9 Juni, km 312,530. Kisoma kompyuta kinagoma

Nimenunua ELM327 ya bluetooth, kifaa kinachochomekwa kwenye gari ili simu isome kompyuta yake, 35,000. Taa yake inawaka, simu inaiona, lakini kontroliboksi, yaani kompyuta ya injini, haijibu. Nikaweka pembeni nikiamini ni feki.

15 Juni, km 312,604. Manyovu, na aibu

Tulikuwa tunakwenda ukweni Buhigwe kwa ajili ya Idd el-Hajj. Mpaka Mwandiga safari ilikuwa tamu, taa ya bluu ikiwaka. Milima ilipoanza ikazimika, nikafurahi kwamba hatimaye imepona. Dakika chache baadaye ikawaka nyekundu. Nikasimama. Maji yalikuwa yanachemka kwenye tenki la akiba, mvuke kila mahali, na mama watoto amewasogeza watoto pembeni bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Tulisubiri dakika arobaini na tano. Kijana wa bodaboda alitaka kunisaidia kufungua mfuniko pale pale, nikamshika mkono. Maji yaliyo chini ya shinikizo yanapita nyuzi 100 yakiwa bado maji. Ukifungua tu yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Tukaongeza maji ya kunywa lita tatu, tukaingia Manyovu kwa mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Kurudi, mteremko karibu wote, hakuchemsha hata mara moja.

22 Juni. Mfuniko, na chupa ambayo sikupaswa kuinunua

Mfuniko wa rejeta ulikuwa na mpira uliopasuka. Mpya, 15,000. Hapa sikukosea. Katubuka tuko kama mita mia nane juu ya usawa wa bahari. Maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Manyovu ambako ni juu zaidi yanachemka mapema zaidi. Mfuniko mzima ndio unaobana shinikizo na kusogeza kiwango hicho mpaka kupita 115. Mpira ukipasuka, unapanda mlima na sufuria isiyo na kifuniko.

Kosa ni chupa ya dawa ya kuziba rejeta, 8,000, niliyouziwa dukani pamoja na mfuniko. "Weka tu mwalimu, kama kuna tundu litajiziba." Sikuwa nimeona tundu. Nikaweka.

29 Juni, km 312,790. Sensa isiyo na hatia

Rafiki wa Mwanza akanielekeza kwamba Toyota nyingi za soko la Japani zinahitaji amri za kuanzia kabla ELM327 haijaelewana nazo. Kwenye programu ya simu, sehemu ya wasifu wa gari, nikaandika: ATIB 96, ATIIA 13, ATSH8113F1, ATSPA4, ATSW00, kila moja kwenye mstari wake. Ikakubali. Kisomaji hakikuwa feki, mimi ndiye sikuuliza.

Nikazunguka Mwanga, Gungu hadi Katubuka, tambarare yote. Joto la maji: nyuzi 61 hadi 64. Gari lililochemka wiki mbili zilizopita linasoma 62! Nikahitimisha kwamba sensa inadanganya. Sensa mpya 22,000, kazi ya dakika kumi. Nikazunguka tena. Nyuzi 62.

Wanafunzi wangu huwaambia: kipimo kikikupa jibu usilolitegemea, usianze kukitukana kipimo. Nilikitukana, nikakinunulia mwenzake, na vyote viwili vikanipa jibu moja.

6 Julai, km 312,841. Pampu ya maji

Chini ya puli ya pampu kulikuwa na mstari mwekundu wa kutu ukitokea kwenye kitundu cha kuvujia. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea pale uyaone kabla beringi haijafa. Pampu mpya 85,000, silikoni 7,000.

Kazi yenyewe kwa ufupi: mwaga maji, legeza bolti tatu za puli ukiwa na mkanda bado umekaza (ukishautoa, puli inazunguka bure), toa mkanda, sogeza alteneta, toa pampu, safisha sehemu ya kukalia gasketi, rudisha. Inachukua saa tatu kwa anayejua.

Mimi ilinichukua siku mbili. Kwanza sikufungua hasi ya betri. Spana ikagusa waya mnene wa alteneta na bodi, ikatoa cheche kama fundi wa kuchomelea. Spana namba 12 ina kovu hadi leo. Fungua hasi kwanza, hata kama kazi ni ya dakika mbili.

Pili, bolti moja ya pampu imekatikia kwenye bloku. Ni bolti ndogo za spana namba 10, zinataka mkazo kidogo sana, nami niliinyonga kama nati ya tairi. Nikajaribu kuichimbua kwa bisibisi na nyundo mpaka dogo wa jirani aliyekuwa ananishikia tochi akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, tukiendelea hivi tutanunua bloku." Fundi wa kuchomelea wa Mwanga akaja na mashine yake, akaweka nati juu ya kipande kilichobaki, akaichomelea kupitia tundu, ikapoa, ikatoka kwa mkono. 15,000. Sikupata muda hata wa kunywa naye chai.

Tatu, silikoni. Gasketi mpya ilikuwepo ndani ya boksi na ilitosha yenyewe. Nikaona niongezee nguvu, nikapaka nene pande zote mbili kama siagi. Silikoni ikibanwa, nusu inatokea nje, nusu inaingia ndani. Ya ndani inasafiri.

Nikajaza kulanti galoni la lita tano, 32,000.

10 Julai. Gari baridi linalochemka

Nimepanda kilima cha Mwandiga simu ikiwa mbele yangu. Tambarare: 63. Kilima kinaanza: 70, 78, 88, 97, 101. Nikageuza. Kushuka: 90, 75, 64.

Nilikaa ndani ya gari pale pale kwenye bega la barabara. Sensa zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Gari hili ni baridi mno tambarare na moto mno mlimani, na magonjwa mawili yanayopingana namna hiyo yana mzazi mmoja.

13 Julai, km 312,902. Hakuna temostati

Nati mbili namba 10 nyuma ya alteneta. Mbili tu! Wiki moja kabla alteneta ilikuwa mikononi mwangu na nilizitazama nati zile bila kuzigusa. Ndani: tundu tupu. Temostati, vali inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto, ilitolewa siku nyingi, pengine kabla dagaa hawajapanda gari hili.

Ni dawa maarufu kwenye gereji zetu: "Toa temostati, hii ni nchi ya joto." Kwa baadhi ya injini za zamani pengine unatoka salama. Kwa hii sikubali, na sababu ni hii. Temostati ya 1NZ iko upande ambao maji yanaingia kwenye injini, nayo ina vali mbili kwenye mti mmoja. Injini ikiwa baridi, vali kubwa inafunga maji ya rejeta, ndogo inaacha wazi mchepuko (wa maji, msicheke) ambao unarudisha maji ya injini kwenye injini. Ikipata moto, kubwa inafunguka na ndogo inauziba mchepuko, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa temostati, njia zote mbili zinakuwa wazi saa zote. Tambarare, injini haina kazi kubwa, rejeta inaipoza kupita kiasi. Mlimani inahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, na sehemu ya maji moto inakatiza kwenye mchepuko na kurudi ilikotoka bila kupoa. Ongezea rejeta yenye magaga na dawa ya kuziba, upate Manyovu.

Na ile taa ya bluu ilikuwa inanieleza yote hayo tangu siku ya kwanza.

Nikanunua temostati hapa mjini, 12,000. Nikafunga siku hiyo hiyo, kulanti ile ile niliyoikinga kwenye beseni safi.

14 Julai. Temostati ya 12,000 nayo

Gari likiwa limesimama uani, joto likapanda hadi 103 na bomba la chini la rejeta bado baridi. Nikazima. Nikaitoa, nikaitundika kwa uzi ndani ya sufuria pamoja na kipimajoto cha maabara ya shule (nilikiazima kwa kusaini, na nimekirudisha). Yenye afya inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Hii ilifika 95 ikiwa imefunguka kama unene wa sarafu. Maji yalianza kuchemka kwenye 97, kama fizikia inavyotaka, nayo ikaganda pale pale.

Yaani ningeipika kabla ya kuifunga, ningeokoa siku nzima. Na kulanti: wakati wa kukinga mara ya pili ikatoka na vipande vya silikoni vyeusi na ule uchafu wa dawa kama makapi ya chai. Nikaimwaga yote. Kwaheri 32,000.

27 Julai, km 312,905. Mara hii kwa utaratibu

Temostati orijino imekuja na basi kutoka Dar: 38,000, na mzigo 5,000. Nimeipika kabla ya kitu chochote: imeanza kufunguka kwenye 82, kwenye 95 ina milimita tisa. Safi.

Rejeta nimeipeleka kwa mtu wa rejeta, akaifungua matenki na kuisafisha, 30,000. Kwenye mirija alitoa silikoni yangu. Nimeihifadhi kwenye kichupa. Injini nimeisuuza kwa maji ya bomba mara nne, mara ya mwisho kwa maji ya betri lita kumi, 10,000. Hapa uwe makini: dukani wanaita "maji ya betri" vitu viwili, maji yaliyosafishwa na asidi. Uliza, kisha soma lebo.

Kufunga: kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wa temostati kikae juu. Ndipo hewa inapopita. Kulanti mpya galoni jingine, 32,000.

Kutoa hewa kulinishinda mara ya kwanza. Nilijaza, nikafunga mfuniko, nikawasha. Hita ndani ya gari ikapuliza ubaridi huku injini inasoma 98. Hiyo ni hewa imekaa kwenye hita. Dawa iliyofanya kazi: nimelipandisha gari tairi za mbele kwenye mteremko wa uani, mfuniko wazi injini ikiwa baridi, hita kwenye moto wa mwisho, nikawasha na kuliacha sailensa, bila kukanyaga mafuta. Nikawa nabinyabinya bomba la juu kwa kitambaa. Mapovu yalitoka kama robo saa, nikiongeza kulanti kidogo kidogo. Nikafunga mfuniko mapovu yalipokoma. Asubuhi yake likiwa baridi nikaongeza nusu lita.

Tambarare: 84 hadi 88. Taa ya bluu inazimika kabla sijafika lami.

10 Agosti, km 313,370. Feni iliyoungwa direkti

Sasa nikasikia kitu ambacho zamani sikukijali: feni ya rejeta inazunguka muda wote swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa. Aliyetoa temostati aliiunga feni moja kwa moja na umeme wa swichi. Nimefuata waya mweupe usio wa kiwandani, nimekata, nimerudisha plagi yake. Feni ikakataa kabisa. Rilei, swichi ya umeme ya feni, ilikuwa imeungua (10,000), na mota yenyewe brashi zimekwisha kwa kuzunguka mchana kutwa miaka yote hiyo. Mota ya mtumba, 60,000.

Sasa kontroliboksi inaiwasha yenyewe ikifika 94 au 95 na kuizima ikishuka. Mara ya kwanza ilipowaka na kuzima nilimwita mama watoto aje asikilize. Alikuja, akasikiliza, akaniuliza kama nimeshakula.

14 Septemba, km 314,120. Misi

Injini inatetemeka, kisomaji kinatoa kodi (namba ya hitilafu) P0302: silinda ya pili haichomi mafuta vizuri. Safari hii sikununua kitu. Nilibadilishanisha koili ya kuwasha ya silinda ya pili na ya tatu, nikafuta kodi, nikazunguka: P0303. Ugonjwa umehama na koili. Koili ya mtumba 35,000, plagi nne 36,000 kwa kuwa za zamani nazo zilikuwa zimelika. Dakika ishirini, chai ikiwa bado moto.

14 Oktoba, km 314,655. Manyovu tena

Siku ya Nyerere, hakuna shule. Watu watano, gunia la muhogo na dumu la mawese la lita ishirini buti nyuma (mfuniko wake haukukaza, Mgebuka sasa ana harufu mbili). Simu mbele, mama watoto ndiye msomaji. Mwandiga 87. Mlima wa kwanza 91. Sehemu ile ile ya aibu: 95, feni ikawaka, 93. Hakupita 96 mpaka tunaingia Manyovu. Mafuta: zamani alikuwa anakwenda kilomita kumi kwa lita, sasa 13 na kitu. Injini ikiwa baridi kontroliboksi inaongeza mafuta, na hii ilikuwa baridi miaka.

Hesabu hadi leo: 576,000. Humo 119,000 nimezitupa mwenyewe: sensa, dawa ya kuziba, rejeta kusafishwa, bolti, temostati feki na kulanti niliyomwaga. Pampu siihesabu kuwa hasara, ilikuwa inavuja kweli.

Linalofuata ni mlio wa mbele kulia kwenye rasta za Mwandiga, kok-kok-kok. Nimelipandisha kwenye stendi, nimeshika tairodi, boljointi na bushi kwa mkono, vyote viko imara. Linki ya stabilaiza ndiyo inayocheza. Nimeagiza moja.